Aonje Kwanza

Fanta ilikuwa bado imefungwa, kifuniko kikiwa na vumbi la barabara ya Walikale, Honoré aliposema kwa sauti iliyowafikia hata waendesha pikipiki waliokaa nje:

"We mama, onja kwanza."

Rosalie aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya pazia la duka. Alikuwa amelala juu ya magunia matupu ya chumvi, magoti ameyavuta mpaka tumboni. Honoré, kaka yake mkubwa, alikuwa ametoka vilima vya Masisi mpaka Mubi, safari ya kuvunja kiuno, na jambo la kwanza alilolifanya ni kumtukana Kaswera, mama mkwe wa Rosalie, mbele ya wateja.

Katika sehemu hizo kila mtu anaijua desturi ya kuonja. Anayekukaribisha pombe ya ndizi hunywa funda la kwanza. Anayekupa chupa huifungua mbele ya macho yako. Ni adabu tu, kama kupiga hodi. Lakini kumwambia mwenye duka aonje soda ambayo haijafunguliwa si adabu. Ni kumwambia kwamba ana karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu husema humkausha mtu mwezi kwa mwezi mpaka aishe.

"Iko imefungwa," alijibu Kaswera. "Mimi siko na meno ya kupita mu chuma."

"Muntu ya karuho anapitisha hata mu chuma."

"Basi enda kunywa maji ya mutoni. Kule hakuna muntu ya Butembo."

Waendesha pikipiki walicheka. Kaswera alikuwa mjane mnene kutoka Butembo, mkatoliki wa kila Jumapili, aliyewauzia wachimba madini mabuti, sardini, betri na koleo tangu mwanawe Philippe akiwa mgongoni. Hakuwa na tabia ya kurudi nyuma hatua moja. Hata sauti yake ilisimama mlangoni kama mtu.

"Nimekuya kuchukua dada yangu," alisema Honoré. "Tuliwapa muntu, munaturudishia mifupa. Hajazaa, njo maana unamukausha, ili Philippe aoe mwingine wa kwenu."

"Kama ningetaka kumuua, ningetumia ya kuua polepole? Mimi ni mufanyabiashara. Sipotezake wakati."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliyekuwa ameshika mkate wa dukani aliurudisha juu ya meza taratibu, akatoka.

Kaswera alilivuta pazia. "Kidole," alisema, "amuka. Bantu ya kwenu bamefika."

Kidole ndilo jina alilompa Rosalie tangu siku ya arusi, kwa sababu mke wa mwanawe alimfikia chini ya kwapa. Rosalie alisimama kwa kushika ukuta. Alimchukia mwanamke huyo kwa jina hilo, kwa jinsi alivyowaambia wageni, "Philippe aliniletea nusu," kwa jinsi alivyomtazama tumbo kila Jumapili baada ya misa. Lakini alipomwona akitupa nguo zake ndani ya mfuko, nguo baada ya nguo, bila kukunja, alijua jambo ambalo kaka yake hakulijua. Kaswera hakuwa amemtia kitu chochote katika chakula. Alikuwa na ulimi mbaya tu. Na Rosalie angeweza kulisema hilo palepale, kama si siri aliyokuja nayo katika nyumba ile.

Siri yenyewe ilikuwa hii: hakuwahi kuona damu ya mwezi. Wasichana wa rika lake kilimani walipokua, yeye alibaki na kifua cha mtoto na urefu wa mtoto. Mama yake, Vestine, alisubiri, akafunga, akasali, kisha akaacha kabisa kulizungumza. Philippe alipokuja na lori kununua maharagwe, akampenda Rosalie kwa kicheko chake, akarudi kuposa, Vestine alimvuta bintiye jikoni.

"Kila mwezi ufue vitambaa," alimwambia, "uvianike pale mama mukwe anaona. Ingine ni ya Mungu."

Ng'ombe wa mahari walipanda kilima, na kila mwezi Rosalie alifua vitambaa safi na kuvianika safi kwenye kamba nyuma ya duka. Halafu, katika mwaka wa tatu, damu ilikuja kweli. Ila haikupita pale alipokuwa akiiomba. Ilikuja chooni, pamoja na kuhara na maumivu ya tumbo yaliyomkamua kama nguo iliyolowa. Muuguzi wa Mubi alimpa vidonge vya amiba, akampa tena, na tena. Uzito ukashuka. Na Mubi ni mji wa barabarani. Maneno husafiri na malori.

Honoré alimbeba mikononi mpaka kwenye pikipiki. Hakulipia Fanta, wala hakuinywa.

Kilimani, katikati ya mashamba ya maharagwe na mihogo, alikuwapo Papa Straton, mzee wa sauti ya chini aliyejulikana kwa kutoa karuho. Hakuwa tapeli. Alichuma majani yake mwenyewe, aliyachemsha mwenyewe, na alikaa na mgonjwa mpaka mwisho. Maji yake yalikuwa meusi na machungu.

"Akitapika, sumu inatoka," aliieleza familia. "Asipotapika, sumu imeingia mu mifupa, tunaongeza."

"Na muntu hana sumu," aliuliza Rosalie kutoka mkekani, "yeye anafanya nini?"

Straton alifikiri kwa uaminifu. "Muntu hana sumu hawezi kuya kwangu."

Rosalie alitapika. Kila alipokunywa maji yale, tumbo lilimharisha kupita kiasi, na kesho yake damu iliongezeka. Honoré aliiona akafurahi. "Unaona? Inatoka!" Kisha alimwinua dada yake na kumpeleka chooni, na kumsubiri nje huku akikohoa ili Rosalie ajue kwamba hayuko peke yake. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Aliyekuwa akimuua alikuwa akimpenda.

Philippe alifika na lori tupu, akielekea Bweremana kupakia samaki. Alileta biskuti. Honoré aliifungua pakiti, akamtupia mbwa moja, akangoja. Mbwa alikula, akatikisa mkia, akaomba nyingine.

"Umetosheka?" aliuliza Philippe.

"Karuho ya mama yako inachelewaka."

"Rosalie ni bibi yangu, Honoré. Nataka kumupeleka kwa docteur."

"Bibi yako! Ulimuacha mu mikono ya yule mama. Simama pale pale. Ukipita hii jiwe, nitakuvunja."

Philippe alisimama. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umemchosha kila mtu, hata yeye mwenyewe. Ni Rosalie aliyetoka ndani, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Kaka, niache niende. Hapa nimetapika hata jina yangu."

Honoré alifungua kinywa. Vestine, aliyekuwa amepiga magoti akifua shuka zilizobadilika rangi, hakuinua kichwa.

"Mupeleke," alimwambia Philippe. "Mupeleke mbele sijabadilisha mawazo."

Hospitali ilikuwa kando ya ziwa, na daktari aliyempokea aliitwa Docteur Aimée, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira kwa sababu ya matope. Alimtoa Philippe nje. Aliuliza habari za kuhara, damu, homa, uzito. Kisha akauliza, "Ulianza kuona mwezi na miaka ngapi?"

"Kumi na ine," Rosalie alijibu upesi, kama mtoto anayejibu katekisimu.

Daktari aliweka kalamu chini. Alizunguka kitanda, akainua kitambaa cha kichwani, akatazama nywele zilizoshuka mpaka chini ya kisogo, na ngozi ya shingo iliyotanuka kutoka sikioni hadi begani. Alimwambia akunje ngumi, akatazama pale kifundo cha kidole kimoja kilipokosekana. Alimwambia anyooshe mikono, na mikono ikapinda kwa nje.

"Rosalie," alisema, "kama iko lazima unidanganye, nidanganye kesho. Leo umebaki na damu kidogo sana."

Rosalie alilia, kisha akasema. Vitambaa, kamba, kila kitu. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake, na alishangaa kwamba dari haikuanguka.

Docteur Aimée hakukimbilia jibu. Alitafuta amiba kwanza, akatafuta kifua kikuu, hakuviona. Alimtuma Goma, wakamwingizia kamera ndogo tumboni kwa njia ya nyuma, na picha ikaonyesha utumbo mkubwa uliojaa vidonda. Damu iliyochotwa mkononi ilifungashwa ikapelekwa nje ya nchi, kwa watu wenye mashine za kusoma yaliyo ndani ya chembe za mwili. Wakati wakingoja, alianza kumpa dawa za kutuliza utumbo. Damu ya chooni ikapungua, ikakatika. Siku Rosalie alipomaliza sahani ya maharagwe, Philippe alikwenda kusimama nyuma ya gari la wagonjwa ili asionekane akilia.

Majibu yalipofika, daktari alifunga mlango.

"Mwili ni chembe ndogo ndogo," alisema, "na ndani ya kila chembe iko nyuzi zinazobeba maagizo ya kumujenga muntu. Zinaitwa kromozomu. Mwanamuke kawaida anapata mbili za aina ya X, moja ya mama, moja ya baba. Wewe uko na moja nzima. Ya pili iko na kasoro: sehemu yake moja haiko, ingine imejirudia mara mbili. Njo maana ulibaki mufupi. Njo maana mwezi haikuja. Inaitwa hali ya Turner. Wanawake wengi duniani wako nayo."

"Nilifanya nini?"

"Haukufanya kitu. Mama yako pia hakufanya kitu. Ulizaliwa hivyo, kama muntu anazaliwa na mukono wa kushoto."

"Na tumbo?"

Daktari alichagua maneno. "Utumbo wako unapigana na mwili yake yenyewe. Ugonjwa huo unaweza kupata muntu yeyote. Lakini kwa wanawake wenye hali yako unaonekana zaidi, na zaidi kwa wale wenye hii X ya kujirudia. Siyo wote. Sababu yake, wakubwa wa hii kazi bado wanaitafuta. Siwezi kukuapia kwamba moja njo ilizaa ingine. Ila niliposikia habari ya damu na kuona shingo yako, sikufikiri hata kidogo juu ya mama mukwe."

Rosalie alitazama mikono yake. "Na mutoto?"

"Kwa njia ya kawaida, hapana." Hakulificha jibu katika Kifaransa.

"Philippe asijue. Hakuna muntu ajue."

"Siri ni yako, sitaifungua. Lakini sikiliza vizuri. Hii dawa haimalizi ugonjwa, inaulalisha. Utakunywa kwa miaka. Ukikunywa tena yale maji ya kutapisha, utumbo unaweza kupasuka. Siku ile hata mimi sitakuwa na kitu ya kukupa."

Njiani kurudi kilimani, Philippe alimweleza yaliyotokea Mubi. Watu walikuwa wameacha kununua chakula kwa mama yake. Mabuti na betri walinunua bado, kwa sababu hakuna anayekula betri. Vijana wa kilima walikuwa wametuma neno kwamba Kaswera aje Jumapili baada ya misa, akiri, alete dawa ya kuondoa alichokitia. Asipokuja, lori lake likipita tena Masisi litapita likiwaka moto.

"Na mimi?" aliuliza Rosalie.

"Honoré anasema umepona kidogo juu ya majani ya Straton. Jumapili watakupa ya mwisho. Ya kuosha mizizi." Alibadilisha gia. "Docteur alikuambia ni nini? Kwangu alisema tu, uliza bibi yako."

Rosalie alitazama ziwa likibaki nyuma.

"Alisema ni tumbo," alijibu.

Jumapili hiyo uani kwa Vestine palijaa. Wanaume walikaa kwenye mbao, vijana walisimama karibu na ua, na mmoja wao alikuwa na kidumu cha plastiki kilichonuka petroli ambacho hakuna aliyemuuliza ni cha nini. Papa Straton aliketi karibu na mkeka wa Rosalie, chungu chake kimefunikwa kwa jani la ndizi. Vestine aliketi upande wa pili, mkono wake juu ya paja la bintiye.

Kaswera alifika amevaa kitenge chake cha Pasaka. Philippe alimfuata na termosi na kikombe. Hakuna aliyewapa kiti.

"Nimefika," alisema Kaswera. "Munaniita kama mbwa, nimekuya kama muntu. Mambo ni nini?"

"Mambo unaijua," alisema Honoré. "Kwanza termosi. Iko na nini?"

"Uji. Docteur alisema chakula ya laini. Mimi sifikake kwa mugonjwa mikono bure, hata kama mugonjwa ana kaka kama wewe."

Kelele ziliinuka. Mwanamke mmoja alicheka kwa hasira. "Analeta uji! Hapa mbele yetu!"

"Aonje kwanza," alisema Honoré.

"Aonje!" vijana waliitikia. "Aonje kwanza!"

Kaswera alimimina uji kikombeni taratibu. Mvuke ulipanda usoni pake. Hakukipeleka kinywani.

"Nilionjea Philippe uji, wakati hakuwa na meno," alisema. "Wewe Honoré uko na meno, na unayatumia vibaya. Sitaonja."

"Munasikia? Anakataa!"

"Ninakataa. Nikionja, utasema nilikunywa dawa ya kukinga mbele. Nisipoonja, utasema ni sumu. Mimi nauza vitu, ninajua muntu anakuya dukani na bei yake tayari mu kichwa."

"Basi kiri!"

"Kiri wewe, mulevi wa maneno!"

Kijana wa petroli alisogea. Philippe alisimama mbele ya mama yake, akasukumwa, akasimama tena. Straton alifunua chungu, kama mtu anayetaka kazi ifanyike kabla mambo hayajaharibika.

"Mutoto anywe kwanza," alisema. "Mengine tutaongea nyuma."

Harufu chungu ilimfikia Rosalie. Aliona kwamba palikuwa na vyombo viwili mbele yake, chungu na kikombe, na kwamba uani pale ni yeye peke yake aliyejua kipi kina mauti. Aliufungua mdomo. Vidole vya mama yake vikakaza pajani mpaka vikauma. Ndani ya mkono ule kulifungwa kila kitu: ng'ombe wa mahari, jina la nyumba, Philippe. Angeweza kukaa kimya, Kaswera aondolewe, na hakuna ambaye angemwita Kidole tena. Kwa muda kidogo alilionja wazo hilo. Lilikuwa tamu.

Aliuondoa mkono wa mama yake, akasimama.

"Sitakunywa," alimwambia Straton. "Na huyu mama hakunipa kitu."

"Kaa, Rosalie," alisema Honoré. "Ni ugonjwa unaongea."

"Ugonjwa umeongea miaka yote, leo mimi njo naongea. Mimi sijaona mwezi hata mara moja. Tangu nizaliwe. Vile vitambaa nilianika Mubi vilikuwa vya bure." Aliwageukia wanaume kwenye mbao. "Docteur alipima damu yangu. Mu mwili ya mwanamuke iko X mbili. Mimi yangu ya pili iliharibika mbele sijazaliwa. Njo maana niko mufupi, njo maana sizai. Na wanawake kama mimi, huu ugonjwa wa utumbo unatupenda. Hakuna muntu alinitilia kitu. Nilikuya nayo mu nyumba yake."

Honoré alimgeukia Philippe.

"Docteur amenunuliwa!" Honoré alipiga kelele. "Na pesa ya duka!"

"Mama," alisema Rosalie.

Vestine alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kitambaa kikagusa magoti. Alipozungumza, alizungumza na mkeka. "Ni kweli. Mimi njo nilimuambia aanike."

Papa Straton alimgeukia Rosalie. Aliuliza kwa sauti ile ile ya chini, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake. "Damu ilikatika na vidonge?"

"Ilikatika, papa."

"Na maji yangu, iliongeza?"

"Iliongeza."

Mzee alilirudisha jani juu ya chungu na kulifunga kwa kamba, fundo baada ya fundo. "Basi sikukutibu," alisema. "Nilikuumiza." Watu wengine walimkasirikia kwa maneno hayo kuliko kwa jambo lolote.

Kaswera ndiye aliyefuata kusema, na hakusema kwa shukrani.

"Vitambaa!" alisema. "Unafikiri mimi ni kipofu? Nimefua nguo maisha yangu yote. Kitambaa ya mwezi inabakisha kivuli hata ukiisugua na majivu. Yako ilikuwa nyeupe kama ya altare. Mwezi wa pili nilijua."

Rosalie alimkodolea macho. "Ulijua? Na haukusema?"

"Nimuambie nani? Kwamba Kaswera wa Mubi, mwenye kupima chumvi ya bantu wote, aliuziwa gunia bila kufungua? Wangecheka mpaka Butembo." Alimtazama Vestine. "Wewe mama, ulinifanya vibaya. Tutaongea."

"Ulijua!" Honoré aliruka. "Munasikia? Alijua kama hazai! Njo sababu ya kumuua, ameisema na kinywa yake!"

Vijana wakasogea tena. Rosalie aliona jinsi ukweli ulivyogeuzwa kuwa kuni, na jinsi maneno ya daktari, ambayo alikuwa ameyabeba kutoka ziwani kama taa, yasingetosha kumwangazia mtu asiyetaka kuona. Alivuka uwanja. Alichukua kikombe mkononi mwa mama mkwe wake.

"Rosalie!" alisema Honoré, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesubiri nje ya choo akikohoa. "Dada, usi…"

Akanywa. Ulikuwa uji wa mtama na soya, umepoa kidogo. Alikunywa wote, akakishika kikombe juu chini ili wote wauone mwisho wake.

"Hauna sukari," alimwambia Kaswera.

"Sukari iko Mubi. Inauzwa."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Kijana wa petroli alitazama kidumu chake kama kitu alichookota njiani, akakiweka nyuma ya miguu. Philippe hakuwa amesogea. Uso wake ulikuwa umefungwa.

"Miaka mitatu," alisema kwa mke wake, polepole. "Kila mwezi niliona ile kamba, nikasema, basi, mwezi ujao."

"Najua."

"Unipatie siku. Sijui ngapi." Lakini aliinama, akaiokota mifuko ya dawa za hospitali iliyokuwa karibu na mkeka, akaipeleka kwenye lori yeye mwenyewe, na kuiweka ndani ya kabini mahali pasipofika jua.

Kaswera alijaza kikombe mara ya pili. Alimnyooshea Honoré. Honoré alikitazama kikombe, akamtazama dada yake aliyesimama mzima, akaiweka mikono yake nyuma.

Rosalie alingoja. Kaka yake hakukipokea.

"Kama unavyotaka," alisema Kaswera, akakivuta kikombe, akakinywa chote mpaka chini mbele ya kilima kizima. Alijipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge cha Pasaka, akamkazia macho.

"Usifikiri ninaonja," alisema. "Nimetoka Mubi sijakula. Nasikia njaa."